UZI: Nandigram, eneo bunge lililochangia kuing'oa serikali ya miaka 34, kisha likamwangusha kiongozi aliyenufaika nalo

Shahidi wa Sanduku (mwanzilishi wa uzi)

Wadau, salaam. India ikifanya uchaguzi, habari zinazotufikia huku karibu zote ni za Modi na Delhi. Leo nawaletea eneo bunge moja tu, tena la bunge la jimbo, wala si la taifa. Linaitwa Nandigram, namba 210 kati ya maeneo bunge 294 ya Bengali Magharibi. Nimelifuatilia kwa miaka, na naamini historia yake ya kura ina mengi ya kumfundisha mtu yeyote anayejali ardhi na wakulima.

Msimamo wangu nauweka wazi mapema. Watu husema wapiga kura wa Nandigram ni vigeugeu: leo wakomunisti, kesho Trinamool (chama cha jimbo cha Mamata Banerjee), keshokutwa BJP (chama cha Modi). Mimi nasema wakulima wa pale, Wahindu na Waislamu, walijenga umoja mwaka 2007 juu ya jambo moja, yaani mashamba yao. Umoja ule ukawapa wanasiasa madaraka, na wanasiasa haohao wakaja kuugawa. Namba za kura zinaonyesha hivyo, na nitazileta.

Nitashusha kwa vipande. Maswali yaruhusiwe.

Shahidi wa Sanduku

Kwanza mahali penyewe. Nandigram iko wilaya ya Purba Medinipur, kusini-magharibi mwa Kolkata, kwenye nchi tambarare ya maji karibu na Ghuba ya Bengali. Ng'ambo ya mto Haldi unauona mji wa Haldia wenye bandari na kiwanda cha kusafisha mafuta. Upande wa Nandigram ni mpunga, mabwawa ya samaki na mitambuu. Watu wa pwani yetu hapo hawahitaji maelezo: tambuu ni zao la fedha, na shamba dogo lake laweza kulisha nyumba nzima.

Wilaya hii haijawahi kuwa ya watu wa kunyamaza. Mwaka 1942, wakati wa vuguvugu la kuwataka Waingereza waondoke, wapigania uhuru wa sehemu za Tamluk waliunda serikali yao sambamba, Tamralipta Jatiya Sarkar, iliyoendelea hadi 1944. Muda mfupi baadaye likaja vuguvugu la Tebhaga, wakulima wapangaji wakidai wabaki na theluthi mbili za mavuno badala ya nusu. Ndipo Chama cha Kikomunisti cha India (CPI) kilipojijengea mizizi vijijini. Mbunge aliyekumbukwa kwa muda mrefu pale, Bhupal Chandra Panda, alikuwa wa CPI. Miaka ya mwanzo baada ya uhuru ilikuwa ya vuta nikuvute kati ya Congress na wakomunisti, na sitaikalia sana, maana habari yenyewe inaanzia 2006.

Nyikani

Endelea mkuu. Ila tufafanulie hapo: CPI na CPI(M) ni chama kimoja?

Shahidi wa Sanduku

Ni viwili ndugu yangu. CPI ndicho cha zamani. CPI(M) kilimeguka kutoka humo mwaka 1964 na ndicho kilichokuja kuwa kikubwa Bengali. Kuanzia 1977 CPI(M) kiliongoza Muungano wa Kushoto uliotawala jimbo bila kukatizwa hadi 2011. CPI ilikuwa mshirika mdogo ndani ya muungano huo, na katika mgawanyo wa viti Nandigram ilikuwa fungu lake. Kwa hiyo uchaguzi wa 2006 mbunge alikuwa Illyas Mohammad wa CPI, lakini nguvu halisi ya eneo zima ilikuwa ya CPI(M), hasa Lakshman Seth, mbunge wa taifa wa Tamluk na mwenyekiti wa Mamlaka ya Maendeleo ya Haldia.

Mwaka huo Muungano wa Kushoto ulipata viti 235 kati ya 294. Trinamool ya Mamata Banerjee ilibaki na 30. Hakuna aliyedhani serikali ile ingeanguka ndani ya muhula mmoja.

Shahidi wa Sanduku

Sasa kipande chenyewe.

Waziri Kiongozi, yaani mkuu wa serikali ya jimbo, Buddhadeb Bhattacharjee wa CPI(M), alikuwa na nia ya kuleta viwanda. Sikubaliani na wanaomchora kama shetani. Jimbo lilikuwa limepoteza viwanda vingi, na vijana walihitaji kazi. Kosa lilikuwa njia. Serikali ilitaka zaidi ya ekari 10,000 Nandigram kwa ajili ya eneo maalumu la kiuchumi la viwanda vya kemikali, mwekezaji akiwa kampuni ya Salim Group ya Indonesia. Mwishoni mwa Desemba 2006 Mamlaka ya Haldia ikatoa tangazo likitaja maeneo yatakayohusika. Hapakuwa na mkutano wa kijiji wala makubaliano ya fidia. Watu wakaona jina la kitongoji chao kwenye orodha.

Sheria iliyokuwa ikitumika kutwaa ardhi karibu India nzima wakati huo ilikuwa ya mwaka 1894, ya ukoloni. Serikali ikisema "manufaa ya umma," mkulima alibaki kubishania bei tu. Kukataa hakukuwemo.

Mwanzoni mwa Januari 2007 wanakijiji wakaunda kamati ya kupinga kuondolewa kwenye ardhi, Bhumi Uchhed Pratirodh Committee. Walichimba barabara na kuvunja madaraja madogo ili polisi na magari ya serikali yasiingie. Ndani ya kamati walikuwemo Trinamool, Congress, wanaharakati wa mrengo wa kushoto wasioipenda serikali, na jumuiya ya maulamaa ya Jamiat Ulama-i-Hind. Wengi wao siku moja kabla walikuwa wapiga kura wa wakomunisti.

Tarehe 14 Machi 2007 polisi waliingia kwa nguvu. Wanakijiji walikuwa wamekusanyika, wanawake na watoto wakiwa mbele, Wahindu wakifanya puja na Waislamu wakisoma Kurani, wakiamini polisi hawatapiga watu walio kwenye ibada. Polisi walipiga risasi. Watu 14 waliuawa.

Kila nikifika kwenye tarehe hii huwa nasimama kidogo, kwa sababu picha ya puja na Kurani bega kwa bega ndiyo iliyokuwa Nandigram yenyewe kabla haijawa kaulimbiu ya mtu.

Mama Shamba

Nasoma huku machozi yananilenga. Sisi tuliowahi kuona mita za upimaji zikipita shambani bila kuulizwa tunaelewa. Je, mradi uliendelea?

Shahidi wa Sanduku

Hapana dada. Serikali ilirudi nyuma na kutangaza kwamba kiwanda hakitajengwa Nandigram, ikaangalia kisiwa cha Nayachar badala yake. Novemba mwaka huohuo Mahakama Kuu ya Calcutta ikasema ufyatuaji ule wa risasi ulikuwa kinyume cha katiba. Lakini kabla ya hapo makada wa chama tawala walikuwa wamerudi kwa silaha kuviteka tena vijiji, na damu ikamwagika zaidi. Kwa mkulima wa kawaida, ahadi ya kusitisha mradi ilikuja kuchelewa.

Khejuri ng'ambo

Samahani, nadhani uzi unaegemea upande mmoja. Wafuasi wa CPI(M) nao walifukuzwa Nandigram tangu Januari 2007, nyumba zao zikachomwa, maelfu wakaishi kambini Khejuri, eneo jirani, kwa miezi. Nao walikuwa wakulima maskini vilevile.

Shahidi wa Sanduku

Ni kweli, na nakushukuru kwa kulileta. Waliofukuzwa walikuwa majirani, wengine ndugu wa damu wa wale waliobaki. Hilo halipunguzi uzito wa tarehe 14 Machi, ila linaeleza kwa nini hata baada ya ushindi hapakuwa na amani ya kweli: vijiji viligawanyika nyumba kwa nyumba, na donda hilo lilikuja kutumiwa baadaye. Nitalirudia nikifika 2021.

Shahidi wa Sanduku

Sasa masanduku ya kura.

Mei 2008, uchaguzi wa serikali za vijiji: Muungano wa Kushoto ukapoteza baraza la wilaya ya Purba Medinipur. Huo ndio ulikuwa mtikisiko wa kwanza.

Kisha Illyas Mohammad akajiuzulu ubunge kufuatia tuhuma za rushwa zilizorushwa kwenye televisheni, na Januari 2009 ukafanyika uchaguzi mdogo. Trinamool hawakumsimamisha mwanasheria wala mfanyabiashara. Walimsimamisha Firoza Bibi, mama wa kijijini aliyempoteza mwanawe katika risasi za 14 Machi. Akamshinda mgombea wa CPI kwa karibu kura 40,000.

Tafakarini hapo. Mwanamke Mwislamu, eneo ambalo Wahindu ndio wengi, na hakuna aliyemuuliza dini yake. Mwaka 2011 akashinda tena kwa zaidi ya kura 43,000, na mwaka huohuo Muungano wa Kushoto ukaanguka baada ya miaka 34. Singur ilichangia pia, sehemu nyingine ya jimbo ambako wakulima walipinga ardhi kutwaliwa kwa kiwanda cha gari la Tata Nano, lakini Singur haikuwa na watu 14 waliouawa kwa siku moja. Ukimuuliza Mbengali yeyote serikali ile ilianguka wapi, Nandigram haitakosa kutajwa.

Wakili wa Mtaa

Na sheria ile ya 1894 ilibadilishwa?

Shahidi wa Sanduku

Ndiyo. Mwaka 2013 Bunge la India lilipitisha sheria mpya ya utwaaji ardhi: ridhaa ya asilimia 80 ya familia zinazoathirika kama ardhi ni ya kampuni binafsi, asilimia 70 kama ni ubia wa serikali na kampuni, na fidia vijijini inayoweza kufikia mara 4 ya bei ya soko. Nandigram na Singur zilikuwa miongoni mwa sababu kubwa. Kwangu mimi hili ndilo tunda halisi la eneo bunge hili, kubwa kuliko kiti chochote alichopata mwanasiasa yeyote.

Shahidi wa Sanduku

Twende kwa Suvendu Adhikari.

Familia ya Adhikari ya Kanthi ni ya siasa tangu zamani. Baba yake, Sisir, alikuwa mbunge wa taifa. Suvendu ndiye aliyekuwa mratibu mkuu wa Trinamool wilayani wakati wa mapambano ya ardhi, na mwaka 2009 akamwangusha Lakshman Seth katika kiti cha taifa cha Tamluk. Mwaka 2016 akaja kugombea Nandigram yenyewe, naye Firoza Bibi akahamishiwa Panskura Paschim, akashinda huko.

Mimi naona hapo ndipo kitu kilipobadilika. Mama aliyewakilisha msiba wa kijiji akapisha kigogo wa wilaya. Kwa hesabu za chama ilikuwa busara: Suvendu alipata kura 134,623, mgombea wa CPI 53,393, pengo la 81,230. BJP ilipata 10,713 tu. Lakini kuanzia siku hiyo Nandigram ikawa ngome ya mtu mmoja, na ngome ya mtu huhama naye akihama.

Akahama. Novemba 2020 alijiuzulu uwaziri, Desemba akajiuzulu ubunge, na tarehe 19 Desemba akajiunga na BJP mjini Midnapore mbele ya Amit Shah, kigogo wa chama hicho kitaifa. Januari 18, 2021, Mamata akasimama katika mkutano Tekhali, Nandigram, na kutangaza kwamba yeye mwenyewe, Waziri Kiongozi, atagombea hapohapo. Aliacha Bhabanipur, kiti chake salama cha Kolkata. Suvendu akajibu kwamba asipomshinda kwa kura 50,000 ataacha siasa.

Nyikani

Mama ana roho ngumu. Kwa nini ajitie kwenye moto?

Shahidi wa Sanduku

Nadhani alijua kwamba akionekana kuiogopa Nandigram, wanachama jimbo zima wangevunjika moyo, maana jina la chama chake lilikuwa limefungwa na pale. Uamuzi ule ulimlazimisha Suvendu naye abanwe nyumbani badala ya kuzunguka wilaya zote. Kwa jimbo ulilipa: Trinamool ilipata viti 213. Kwa yeye binafsi gharama ilikuwa kubwa.

Sasa sikilizeni kampeni ilivyokwenda, maana hapa ndipo panaponiuma. Eneo bunge lina wilaya ndogo mbili. Nandigram I, Waislamu ni zaidi ya theluthi moja. Nandigram II ni takribani mtu 1 kati ya 8. Upande wa BJP ukahubiri waziwazi juu ya asilimia 70 na asilimia 30, na Suvendu akawa anamwita Mamata "Begum," jina la heshima la wanawake wa Kiislamu. Mamata naye akasimama jukwaani akighani Chandi Path, beti takatifu za Kihindu, ili kuthibitisha Uhindu wake. Miaka 14 nyuma watu hawa walisimama pamoja mbele ya bunduki, huku puja na huku Kurani, na hakuna aliyehitaji kuthibitisha kitu. Suala la ardhi likatajwa kama kumbukumbu tu.

Machi 10, jioni ya siku aliyorudisha fomu, Mamata aliumia mguu Birulia. Chama chake kikasema amesukumwa, wapinzani wakasema ni ajali. Akamaliza kampeni kwenye kiti cha magurudumu. Aprili 1, siku ya kura, alikaa kituo cha Boyal kwa karibu saa mbili akilalamika kwamba watu wake wanazuiwa kupiga kura, akampigia simu gavana wa jimbo akiwa palepale.

Mei 2, kuhesabu. Uongozi ulikuwa ukibadilika raundi kwa raundi. Jioni vyombo vya habari vikatangaza Mamata ameshinda kwa kura 1,200. Baadaye taarifa ikageuka. Matokeo rasmi: Suvendu 110,764, Mamata 108,808. Tofauti 1,956. Mamata aliomba kura zihesabiwe upya, msimamizi wa uchaguzi akakataa.

Sasa ziwekeni namba hizo mbele ya zile za 2016. Suvendu alipata kura pungufu kwa karibu 24,000 kuliko alizopata akiwa Trinamool. Kumbe hakuhama na ngome yote. Sehemu kubwa ilibaki. Aliyemwokoa ni nani? Tazameni kushoto: mgombea wa CPI(M), Minakshi Mukherjee, kijana hodari, aliambulia 6,267. Kura za kushoto zilikuwa 53,393 miaka mitano nyuma. Zaidi ya 47,000 zimeyeyuka, huku BJP ikipanda kutoka 10,713 hadi 110,764. Sioni namna ya kusoma hesabu hii bila kukiri kwamba wafuasi wengi wa kushoto, wakiwemo pengine waliochomewa nyumba 2007, walimpigia kura mtu aliyeongoza mapambano dhidi yao, alimradi Trinamool ipigwe. Ndugu wa Khejuri ng'ambo, hapa ndipo hoja yako inapokaa.

Khejuri ng'ambo

Nakubali. Nyongeza moja: waliobaki kushoto mwaka ule hawakuwa na ulinzi wa chama vijijini. Mtu akitishwa na chama tawala hukimbilia kwa mpinzani mwenye nguvu, si mwenye itikadi anayoipenda. Usiwahukumu sana.

Shahidi wa Sanduku

Siwahukumu wapiga kura hata kidogo. Nawalaumu waliowafikisha mahali pa kuchagua kati ya hofu mbili.

Dodoma Kati

Swali la katiba mkuu. Kwetu Tanzania Waziri Mkuu lazima awe mbunge aliyechaguliwa katika jimbo la uchaguzi (eneo bunge). Huyu mama kaanguka, kaapishwaje?

Shahidi wa Sanduku

Swali zuri. Ibara ya 164 ya Katiba ya India inaruhusu mtu asiye mbunge wa jimbo awe waziri, Waziri Kiongozi akiwemo, kwa muda usiozidi miezi 6 mfululizo. Akikosa kiti ndani ya muda huo, anatoka. Mamata aliapishwa Mei 5, 2021. Mbunge mpya wa Bhabanipur, Sovandeb Chattopadhyay, akajiuzulu Mei hiyohiyo ili kumwachia nafasi. Uchaguzi mdogo ukafanyika Septemba 30, akapata kura 85,263 dhidi ya 26,428 za Priyanka Tibrewal wa BJP. Alikuwa ameshafanya hivyohivyo mwaka 2011, alipochukua madaraka akiwa bado mbunge wa taifa.

Msione ni jambo dogo. Korona ilikuwa imesimamisha chaguzi ndogo, na Waziri Kiongozi wa Uttarakhand, Tirath Singh Rawat, alijiuzulu Julai 2021 kwa sababu hiyohiyo ya kutokuwa na kiti katika bunge la jimbo.

Wakili wa Mtaa

Na kesi ya kupinga matokeo?

Shahidi wa Sanduku

Alifungua Mahakama Kuu ya Calcutta. Upande wake ukamtaka Jaji Kausik Chanda ajitoe, kwa madai ya uhusiano wake wa zamani na BJP. Julai 7, 2021 jaji alijitoa, lakini akamtoza Mamata faini ya rupia laki 5 kwa namna ombi lilivyoletwa. Suvendu akawa Kiongozi wa Upinzani bungeni, kiti alichokifikia kwa kura 1,956.

Mama Shamba

Mimi nauliza la mwisho. Je, kuna dalili ya wale watu kurudi pamoja kama 2007?

Shahidi wa Sanduku

Dada, kwa kura sijaiona. Uchaguzi wa taifa wa 2024, kiti cha Tamluk kilikwenda kwa Abhijit Gangopadhyay wa BJP, aliyekuwa jaji wa Mahakama Kuu, na ndani ya Nandigram yeye ndiye aliyeongoza kwa kura. Hata kumbukumbu ya Machi 14 yenyewe imegawanyika: tangu Suvendu ahame, Trinamool wanaweka mashada kwa wakati wao na BJP kwa wakati wao, kwa ajili ya wahanga walewale. Kitakachowarudisha pamoja, kwa maoni yangu, ni swali la maisha linalowagusa wote kwa siku moja, kama tangazo lile la Haldia lilivyowagusa. Bei ya tambuu, maji ya chumvi kuingia mashambani, vijana wanaohama kutafuta vibarua majimbo ya mbali. Hayo yapo tayari. Chama kitakachoyafanya ajenda na kusimamisha mgombea wa kijijini kama Firoza Bibi, badala ya kigogo, kitapata kura za pande zote mbili za Nandigram, na mimi ningefurahi kuziona zikihesabiwa.